Zima feni kwanza: nilivyojifunza kuangalia muvi za kusisimua

Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza hapa hapa Dodoma, kile cha mabati na mabenchi, ambako muvi ina stelingi na adui, stelingi hafi, na mtafsiri anakuelezea kila kitu mpaka vile ambavyo muvi yenyewe haijasema. Nakiheshimu sana kile kibanda, bila hicho nisingependa filamu kabisa. Ila kuna filamu ukiziangalia kwa masikio ya kibandani unazikosa, na ndo hizo nataka kuziongelea leo, kwasababu mtu akiniambia "ulinishauri muvi mbovu" huwa nagundua shida sio muvi, shida ni namna alivyoiangalia. Na mimi yalinikuta.

Ilikuwa mwezi wa kumi, unajua joto letu la mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, niko chumbani kwangu Nkuhungu na binamu yangu, feni iko namba tatu inaunguruma, tumeweka Anatomy of a Fall. Hii ni ya Ufaransa, kaitengeneza Justine Triet, ilichukua tuzo kubwa kule kwenye tamasha la filamu la Cannes 2023 na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya uandishi. Mwanaume kakutwa chini kwenye theluji nje ya nyumba yake, amekufa, aliyemkuta ni mwanae ambaye macho hayaoni vizuri, na mke ndo anashtakiwa. Binamu kila baada ya dakika tano "kwani nani kaua?", na mimi nasubiri hiyo hiyo, nani kaua. Halafu faili nililowekewa kwenye flashi na kijana mmoja wa mjini halikuwa na maandishi ya chini, wakiongea Kiingereza tunaelewa elewa, wakiingia kwenye Kifaransa tunabaki tunatazamana. Tulifika mwisho tumechoka, nikawa nawaambia watu hiyo muvi haina kitu.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata, baridi na ule upepo wetu, feni imezimwa, nikairudia peke yangu na hedifoni masikioni na maandishi ya chini yapo. Jamani. Yule mama ni Mjerumani, mumewe Mfaransa, nyumbani wanaongea Kiingereza kwasababu ni lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo, wanakutana katikati. Sasa mahakamani anatakiwa ajitetee kwa Kifaransa, anahangaika kutafuta maneno huku mwendesha mashtaka anamiminika tu. Bila maandishi ya chini hilo lote sikuliona, niliona watu wanaongea. Nikamkumbuka bibi yangu, Mgogo wa Bahi, nyumbani kwake Kigogo tu. Siku aliyoitwa kutoa ushahidi kesi ya shamba alijibu kwa Kiswahili kifupi kifupi mpaka akaonekana kama anaficha kitu, kumbe maneno ndo yamemuishia. Na hicho ni Kiswahili, je wale ambao kesi zao zilikuwa zinaendeshwa kwa Kiingereza kabla sheria haijabadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama?

Halafu kuna pale wanaposikiliza mahakamani ugomvi wa mke na mume uliorekodiwa. Mwanzo unawaona kabisa wako jikoni wanagombana, inapanda, inapanda, halafu pale pale vinapoanza kuvunjika vitu picha inarudi mahakamani, huoni tena chochote, unasikia tu. Nani kampiga nani? Wewe na wale majaji mko sawa sasa, wote mna masikio tu. Mara ya kwanza feni ilikuwa inaunguruma juu ya hiyo sehemu na binamu anauliza nani kaua.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, zima feni, kama ni joto subiri usiku mkubwa ufungue dirisha, vaa hedifoni hata zile za bei ya chini za sokoni. Na kagua faili kabla hujaondoka kwa mtu wa muvi, peleka mbele mpaka katikati uone kama maandishi ya chini yapo na yanaendana na midomo. Usikubali kuambiwa "utaelewa tu".

The Zone of Interest ndo usiiguse kabisa kama huna utulivu. Inaanza skrini nyeusi, muziki unalia, picha hamna, mimi nilidhani faili bovu nikataka kuruka mbele. Usiruke. Ni familia ya mkuu wa kambi ya Auschwitz, ile ambayo Wanazi wa Ujerumani waliulia watu, nyumba nzuri, bustani, watoto wanaogelea, na ukuta wa bustani ndo ukuta wa kambi. Yanayofanyika ndani ya kambi hamtayaona hata siku moja wakati kambi inafanya kazi yake. Mnasikia tu, milio ya risasi, kelele, mngurumo ambao haukati, na mama mwenye nyumba anajaribu koti la manyoya mbele ya kioo. Ilipata Oscar ya sauti na ilistahili. Aliyeigiza mama huyo ni yule yule aliyeigiza mke kwenye Anatomy, Sandra Hüller, filamu mbili mwaka mmoja. Niliangalia usiku, nikalala nimeacha taa.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji nitaigusa kidogo, kitabu cha Adam Shafi tulikisoma kidato cha sita kwahiyo niliingia na hasira ya mtu anayejua kila ukurasa. Wengi wanasema ni taratibu mno. Mimi taratibu hainisumbui, Unguja ile ya mkoloni na vile vichochoro inataka kutembelewa taratibu, ninachodai ni Mwajuma, yule rafiki wa mhusika mkuu Yasmin, alistahili muda zaidi. Ila kusikia Kiswahili cha Unguja kwenye filamu iliyopigwa picha kwa uangalifu vile, nilijisikia vizuri mpaka nikawapigia watu simu.

Sasa kama unaanza tu na hizi filamu za utulivu, anza na Conclave ya 2024. Makadinali wamefungiwa wachague Papa, hakuna bunduki hata moja mkononi mwa mtu na bado tumbo linakaza. Watu waliitafuta sana mwaka 2025 baada ya Papa Fransisko kufariki, na sisi tulikuwa na sababu yetu, Kadinali Rugambwa wa Tabora alikuwemo kwenye uchaguzi wenyewe kule Roma. Na yule kadinali wa Nigeria kwenye filamu, Adeyemi, ni Lucian Msamati, wazazi wake Watanzania.

Hii niliangalia na mama, alikuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki, akakaa kwangu wiki mbili. Kiingereza hajui, hivyo nikawa nasimamisha, namtafsiria, naendelea, nikijiona nafanya kazi nzuri. Tukafika pale Adeyemi yuko na Lawrence, kadinali anayesimamia uchaguzi, wawili tu, ametoka kuwa karibu kabisa na upapa na sasa kitu cha zamani kimeibuka, anavunjika. Nikashika rimoti nisimamishe nimweleze. Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, acha, namuona."

Nikaacha. Alikaa ameshika rozari yake mpaka ile sehemu ikaisha, hakuniuliza kosa lenyewe lilikuwa nini. Asubuhi nikiwa namchemshia chai akaniambia jioni tuirudie, ila safari hii nisiongee.