Tunachoogopa ni dirisha la mapokezi

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza: "Vipimo vya magonjwa ya zinaa vipo na huchukua muda mfupi. Kwa nini basi watu wanachelewa kwenda kupima, na wewe ungemwambia nini anayechelewa?" Mimi nilichelewa wiki saba, kwa hiyo nina la kusema.

Mtu niliyekuwa nimeachana naye alinipigia simu usiku mmoja. Hakuzunguka. Aliniambia amekutwa na klamidia, ameanza dawa, na ameshauriwa awajulishe wote aliokuwa nao karibuni. "Nenda ukapime," akasema, "hata kama huumwi." Na kweli sikuwa naumwa. Mkojo haukuniunguza, sikuwa na ute usio wa kawaida, wala sikuona damu nje ya siku zangu. Nikajiambia kwamba kungekuwa na kitu, mwili wangu ungenishtua.

Nilikuwa nimekosea. Wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote, na wanaume wasioona dalili nao si haba. Kaswende ni ya hila zaidi. Huanza na kidonda kimoja kisichouma, mara nyingi wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, na hukaa mahali ambapo mtu hapaangalii. Kidonda hicho hupona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita, mwenye nacho akafurahi kwamba yamekwisha, kumbe vimelea vimeingia ndani. Miaka mingi baadaye vinaweza kuudhuru moyo na ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Yote manne yanatibika. Hayo ni maambukizi zaidi ya milioni moja kila siku, na mengi yake hayana dalili.

Haya yote sikuyajua usiku ule. Hata hivyo, baada ya juma moja la kujizungusha, nilikwenda.

Nilifika asubuhi mapema nikidhani nitawahi watu. Walikuwa wameshajaa. Mapokezi yalikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo, lile linalomlazimu mtu kuinama na kupaza sauti ndipo asikike. Niliinama nikasema nimekuja kupima. "Kupima nini?" Nikasema kwa sauti ya chini. "Sikusikii." Nikarudia. Mhudumu akageuka kwa mwenzake aliyekuwa ndani na kuuliza kwa sauti: "Huyu wa zinaa aende chumba kipi?" Benchi zima likanyamaza. Nilielekezwa chumba chenye kibao mlangoni kinachotaja wazi kinachofanyika humo. Nilikifikia, nikakipita, nikaendelea kutembea mpaka nikawa nje ya geti.

Wiki nyingine sita zikapita. Sikuwa mjinga katika wiki hizo wala sikuwa nimelipuuza jambo. Nililiwaza kila siku. Klamidia isipotibiwa inaweza kupanda hadi kwenye kizazi na mirija ya uzazi, ikaacha makovu, na makovu hayo ndiyo yanayoleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Nilisoma hayo yote usiku, peke yangu, na asubuhi nikalikumbuka lile benchi lililonyamaza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: wengi wetu hatuogopi sindano, na hata majibu hatuyaogopi kiasi kinachodhaniwa. Tunaogopa kujulikana. Ukitaka watu wapime, anza na siri.

Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeisikia methali hii tangu utotoni na nakubali kwamba ina ukweli. Ila lawama yote inamwangukia mfichaji, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemfundisha kuficha. Jina lenyewe linachangia. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumeyapa maradhi haya jina lililokwisha kutoa hukumu, kwa maana zinaa ni dhambi kabla haijawa ugonjwa. Kifua kikuu hakikuitwa kwa kosa la aliyekipata. Mke ambaye hajatoka nje ya ndoa yake anaweza kukutwa na kaswende aliyoletewa nyumbani, na mtoto anaweza kuzaliwa nayo kwa kuambukizwa akiwa tumboni. Kichanga huyo amezini na nani? Silitarajii jina libadilike kesho, nami mwenyewe nimelitumia katika barua hii kwa kuwa ndilo linaloeleweka. Ninachosema ni kwamba pale dirishani mtu haombi kipimo tu. Anatakiwa aungame mbele ya umati.

Na si lazima aungame. Hili ningependa kila msomaji alishike: huhitaji kumweleza mtu wa mapokezi sababu ya kuja kwako. Inatosha kusema, "Nahitaji kuzungumza na muuguzi faraghani." Akisisitiza, andika kwenye karatasi umpe. Vituo vingi vina simu, na unaweza kupiga kabla ya kwenda, ukauliza bila kutaja jina.

Uliza nini? Kwanza, kama kipimo chao ni cha siri au cha bila jina, maana hivi ni vitu viwili na watu huvichanganya. Kipimo cha siri kina jina lako. Huandikwa kwenye faili, na wanaoruhusiwa kuliona ni wale wanaokuhudumia. Kipimo cha bila jina hukupa namba tu, na majibu huifuata namba hiyo. Kwa mwenye hofu kubwa, namba inavutia zaidi. Lakini nayo ina gharama yake: usiporudi, hakuna wa kukutafuta kukwambia kwamba unahitaji dawa, na majibu hayo huwezi kuyaonyesha popote kuwa ni yako. Binafsi nilichagua siri yenye jina, baada ya kuhakikishiwa nani analiona.

Kisha uliza majibu yatakufikiaje. Watu wengi siri zao huvujia hapa, na mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Ujumbe unaingia kwenye simu iliyo mezani, au bahasha inafika nyumbani kwa wazazi. Kama bima inalipwa kwa jina la mzazi au mwenza, orodha ya huduma zilizolipiwa inaweza kumfikia yeye, na jina la kipimo likiwa humo. Sema mapema: nipigieni namba hii, msiache ujumbe, au nitakuja mwenyewe. Kijana aliye chini ya umri wa utu uzima aulize pia kama anaweza kupimwa bila mzazi kujulishwa, kwa sababu sheria hutofautiana nchi hadi nchi, na ni haki yake kuijua sheria hiyo kabla hajatoa hata tone la damu. Katika nchi nyingi baadhi ya maambukizi huripotiwa pia kwa mamlaka za afya ya umma ili yafuatiliwe. Uliza ni yapi, na kama jina lako linakwenda nayo. Mhudumu mwema hatachukizwa na maswali haya. Akichukizwa, amekwisha kukujibu.

Kuna watakaosema namtetea mwoga, na kwamba afya ya umma inadai watu wapimwe, watake wasitake. Njia hiyo ilishajaribiwa. Uingereza ilipitisha mwaka 1864 sheria iliyowaruhusu polisi wa miji fulani ya bandari na kambi za jeshi kumkamata mwanamke aliyeshukiwa kuwa kahaba na kumlazimisha kukaguliwa. Wanaume waliokuwa wakiwaendea hawakuguswa. Sheria hizo zilipingwa kwa miaka mingi, hasa na wanawake, mpaka zikafutwa mwaka 1886. Mwaka 1916 nchi hiyo hiyo ikageukia njia nyingine, yaani kliniki ambazo mtu aliingia kwa hiari yake, akatibiwa bure, na siri yake ikalindwa kwa kanuni. Mimi naona hapo walielewa jambo ambalo dirisha lile la kioo halijalielewa hadi leo.

Safari yangu ya pili ilikuwa mahali pengine. Muuguzi alifunga mlango, akaketi upande wangu wa meza, akasema, "Dada, kabla hatujaanza, niulize chochote kuhusu nani ataona majibu yako." Machozi yalinitoka. Akanisubiri.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi kuliko yote niliyokuwa nimeyawaza. Alinipa kijiti chenye pamba, akanieleza namna ya kujichukulia sampuli ukeni, nikaenda msalani peke yangu. Sampuli ambayo mwanamke amejichukulia hivyo hutoa majibu ya kuaminika sawa na iliyochukuliwa na mtaalamu. Mwanaume kwa kawaida hutoa mkojo, ule wa mwanzo unaotoka, baada ya kukaa angalau saa moja bila kukojoa. Damu ya kidoleni ilitumika kwa VVU na kaswende.

Aliniuliza pia maswali ambayo sikuyatarajia, kuhusu mdomo na njia ya haja kubwa. Nilitahayari, naye akaeleza bila kupepesa: mkojo hauonyeshi kisonono kilicho kooni wala klamidia iliyo kwenye njia ya haja kubwa, kwa hiyo asipouliza, anaweza kuniambia niko salama ilhali sivyo. Hapo nikaelewa faida nyingine ya siri. Mtu asiyeiamini siri hudanganya, na aliyedanganya hupimwa mahali pasipo.

Jambo jingine alilonisahihisha ni imani yangu kwamba nilishapimwa huko nyuma, kwa sababu nimewahi kutolewa damu mara kadhaa. Damu hupimwa kile tu kilichoombwa. Kipimo cha kuangalia dalili za saratani kwenye shingo ya kizazi nacho hakikuhakikishii kwamba huna klamidia au kisonono. Uliza kwa majina: mmenipima nini, na nini hamkunipima?

Muda nao una nafasi yake. Kila ugonjwa una kipindi cha dirisha, yaani siku ambazo umeshaingia mwilini lakini kipimo bado hakiuoni. Kwa klamidia na kisonono ni kama wiki mbili. Kwa kaswende, na kwa VVU vinavyopimwa kwa kipimo cha haraka, inaweza kufika miezi mitatu. Ukipima mapema ukaambiwa huna, rudi. Ila kama unahofia VVU na tukio lina chini ya saa 72, usisubiri dirisha lolote. Kimbilia huduma ya afya uulizie dawa za kuzuia maambukizi, maana baada ya saa hizo hazitolewi.

Kwa asiyeweza kabisa kukabili macho ya watu, kuna kujipima VVU mwenyewe nyumbani, kwa majimaji ya kwenye fizi au tone la damu. Shirika la Afya Duniani lilianza kupendekeza njia hii mwaka 2016. Siri yake ni kamili, lakini jibu likionyesha kwamba unavyo, si la mwisho mpaka lithibitishwe kituoni, na aliyekwisha kuanza dawa za ARV asikitumie kipimo hicho, kwani kinaweza kumdanganya. Kununua antibayotiki na kuzimeza kwa kubahatisha sikushauri hata kidogo. Kisonono kimejenga usugu dhidi ya dawa nyingi kwa matumizi ya namna hiyo.

Majibu yangu yalitoka baada ya siku chache. Nilikuwa na klamidia. Mengine yote sikuwa nayo. Nilipewa vidonge vya doksisaiklini, kutwa mara mbili kwa siku saba, baada ya muuguzi kuhakikisha sina mimba, maana mjamzito hupewa dawa nyingine. Niliambiwa nisijamiiane mpaka nimalize dozi, na nirudi kupima baada ya miezi mitatu, kwa sababu wengi huambukizwa upya na mwenza ambaye hakutibiwa. Ugonjwa ulionikosesha usingizi wiki saba ulitibiwa kwa juma moja.

Kabla sijaondoka, muuguzi aliniuliza kama kuna wa kujulishwa. Alisema naweza kuwaambia mwenyewe, au wao wakawapigia bila kunitaja jina. Nilimwambia nitafikiri.

Jioni ile nilimpigia yule aliyenipigia mimi, nikamshukuru. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama baada yake nilikuwa na mtu mwingine. Alikuwapo mmoja. Nilikata simu, nikakaa kitandani kama nusu saa, halafu nikaitafuta namba yake.

Msomaji wenu