Ukiteuliwa DMO, fungua jokofu kabla ya chai

Wadogo zangu madaktari mnaoniuliza kama mkubali uteuzi wa Uganga Mkuu wa Wilaya (DMO) au mbaki wodini: kubalini, ila mjue mnachokiacha. Wodini mgonjwa akipona unamwona, na mama yake huenda akakuletea kuku. Mtoto aliyekingwa surua humjui, na mama yake hajui kama kuna cha kukushukuru.

Mimi nilikwenda na akili za wodini. Katika ziara yangu ya kwanza ya usimamizi, kwenye zahanati moja kijijini, nilipima wagonjwa wawili, nikamsahihisha mganga mfawidhi dozi, nikanywa chai, nikasaini kitabu, nikaondoka kifua mbele. Tulipofika njiani, mratibu wa chanjo, muuguzi wa siku nyingi, akanionyesha picha aliyoipiga kwenye simu. Fomu ya joto la jokofu la chanjo, lile la gesi: 5 asubuhi, 5 jioni, mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja.

"Daktari, mlinzi kaniambia gesi iliisha siku tatu."

Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Tukageuza gari. Kile kimraba kwenye lebo ya kichupa, kinachoonyesha kama chanjo imeharibiwa na joto na kinachotakiwa kuwa cheupe kuliko duara lake, kilikuwa kimekolea rangi kulishinda. Wiki iliyofuata nilisimama chini ya mwembe kuwaeleza kina mama kwa nini watoto wao wachomwe tena. Hilo chuoni hawafundishi.

Na gesi je? Maombi ya fedha yalikuwa kwenye jalada mezani kwangu, yakisubiri sahihi.

Kwa hiyo jifunzeni mafaili kama mlivyojifunza kusikiliza mapafu. Kaeni na mhasibu muelewe bajeti inavyokwenda, maana mtaripoti kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, huku miongozo ya kitaalamu ikitoka Wizara ya Afya, na siku nyingine barua zao zinagongana. Diwani msimwone msumbufu. Akisimama barazani kuuliza dawa zimekwenda wapi, mara nyingi kashapita zahanati kabla yenu. Na rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zisomeni wenyewe, hasa zile safi mno.

Shahada ya uzamili ya afya ya jamii mtaihitaji mkitaka kupanda, someni. Yule mratibu mimi nilimwomba tukae naye kiti cha mbele kila ziara, dereva akalalamika tunabanana.