Sufuria ya presha kwa mbaazi, maharage na pweza: nichukue ipi?

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Mikindani, nyumbani tuko sita. Chakula chetu kikubwa ni maharage na mbaazi, na mume wangu ni mvuvi, kwa hiyo pweza hakosekani. Napikia mtungi wa gesi wa kilo 6, ule ambao jiko lake linakaa juu ya mtungi, na gesi ikiisha nawasha mkaa. Maharage ndiyo yanayonimalizia gesi. Nimekwenda madukani Mtwara mjini nikaonyeshwa sufuria tatu za presha: moja ya alumini lita 5, mfuniko wake unaingia ndani ya sufuria, ya pili ya alumini lita 7, mfuniko unakaa juu na kuzungushwa, ya tatu ya stenlesi lita 6, na bei yake ni karibu mara tatu ya ile ndogo. Muuzaji anasema zote ni zilezile, nichague inayonipendeza. Nami nina hofu, kwa sababu kwa jirani yetu ilifumuka, maharage yakaganda darini. Nichukue ipi, na je, ni salama kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Muuzaji hakukutendea haki. Sufuria hizo zinapika kwa kanuni moja, lakini mifuniko yake haifanani, na sufuria ya presha uhai wake uko kwenye mfuniko. Kwa miaka yote niliyotengeneza majiko na vyombo hivi hapa Mtwara, ni chache sana zilizoletwa kwangu zikiwa zimetoboka tumbo. Nyingi huja kwa sababu mpira wa mfuniko umekauka, kizito cha juu ya bomba la mvuke kimepotea au mkono umelegea. Na nyingi katika hizo zimekaa kabatini mwaka mzima zikiwa nzima kabisa, kwa kukosa mpira wa bei ndogo.

Kwa hiyo rudi dukani, na kabla ya kuuliza bei uliza hivi: "Mpira wa sufuria hii unao? Niuzie na wa akiba." Kama mpira, kizito na kizibo cha usalama havipatikani hapa mjini, hata iwe nzuri vipi, iache. Ukiniuliza mimi, kwa nyumba yako ningechukua ile ya lita 5 yenye mfuniko wa ndani, kwa sharti hilo la vipuri. Sababu nakupa, kwa kuwa huenda ukazipima ukaamua tofauti.

Tuanze na kinachotokea ndani. Katika sufuria ya kawaida hapa pwani maji yakifika nyuzi 100 yameishia hapo. Ongeza moto upendavyo, yatatokota kwa fujo lakini joto halipandi, na gesi uliyoongeza inaondoka na mvuke. Wenzetu wa Newala, kule juu uwandani, hali yao ni ngumu zaidi, maana kila ukipanda mita 300 hivi maji huchemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi 1; maharage yao hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Mikindani. Ukiufungia mvuke, unayakandamiza maji, nayo hayachemki mpaka yapande juu zaidi. Sufuria nyingi za presha za kukaa jikoni hupangwa kufikia mkandamizo wa kilo 1 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na hapo maji huwa kwenye nyuzi 120 hivi. Nyuzi 20 hizo ndizo zinazokuokolea mtungi wako.

Sasa hofu yako, ambayo ni ya haki. Chukua mfuniko wenye upana wa sentimita 22. Eneo lake ni sentimita za mraba 380. Kila moja ikisukumwa kwa kilo 1, mfuniko mzima unabeba msukumo wa kilo 380, karibu magunia manne ya kilo mia yakisukuma kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana mtu akiulazimisha mfuniko kwa mkono wakati mvuke bado upo, chakula kinafika darini. Sikuiona ya jirani yako, lakini zilizonijia mimi baada ya ajali zilikuwa na mojawapo ya visa vitatu: zilijazwa mno, bomba la mvuke liliziba kwa maganda ya maharage, au zilifunguliwa kwa nguvu kabla ya wakati.

Hapa ndipo mfuniko wa ndani unaponivutia. Mdomo wa sufuria hiyo hauko mviringo kamili. Mfuniko unauingiza ukiwa umeulaza, unaugeuza, kisha unauvuta juu ukumbatie ukingo kwa chini. Mvuke ukiongezeka unazidi kuubana mfuniko kwenye ukingo, kwa hiyo hata ukiwa na haraka ya kupakua huwezi kuufungua mpaka msukumo uishe. Mfuniko wa nje hushikwa na meno yaliyopo pembeni, na mvuke unausukuma uyaache. Meno yakiwa mazima hakuna tatizo, na nyumba nyingi hutumia za namna hiyo kwa usalama. Ila meno ya alumini hulika mwaka baada ya mwaka, na wengi hawayaangalii. Ukiichukua ya lita 7, ufunge mfuniko dukani kisha uutikise mkono: ukicheza ingali mpya, usiinunue.

Kizito ni kile kichuma kinachokaa juu ya bomba la mvuke na kulia. Uzito wake ndio unaoamua mkandamizo, kwa hiyo usiweke cha sufuria nyingine hata kama kinaingia. Kando yake kuna kizibo cha usalama, ambacho katika sufuria nyingi kina madini laini yanayoyeyuka joto likizidi, kwa mfano maji yakikauka, na mvuke ukatokea hapo. Kinga ya mvuke kwenye chombo cha namna hii si jambo jipya: Mfaransa Denis Papin alitengeneza sufuria ya mvuke mwaka 1679, na ni yeye aliyeitilia valvu ya usalama. Sufuria moja iliwahi kuletwa kwangu "inavuja". Nilipogeuza mfuniko nikakuta kizibo kimeng'olewa, tundu limezibwa kwa bolti na nati. Aliyefanya hivyo alidhani amesaidia, kumbe alikuwa ameondoa kinga ya mwisho na kuacha bomu jikoni. Nilikataa kuigusa mpaka kilipopatikana kizibo chake halisi. Kizibo kikiyeyuka, kimefanya kazi yake. Nunua kingine cha aina ileile.

Ukubwa. Najua utasema lita 5 kwa watu sita ni ndogo. Kumbuka kwamba lita 5 ni ujazo mpaka kwenye mdomo. Nyama na mboga hazitakiwi kuvuka theluthi mbili, na maharage, mbaazi, kunde na choroko hazitakiwi kuvuka nusu, kwa sababu hutoa povu na maganda hupanda. Nusu ya lita 5 ni lita 2 na nusu. Nusu kilo ya mbaazi kavu pamoja na lita moja na nusu ya maji huchukua lita 2 hivi, na nusu kilo inawatosha watu sita kwa mlo mmoja pamoja na ugali au wali. Ukipika mara moja kwa mchana na usiku, hapo lita 5 haitoshi. Utapika mara mbili au utachukua ya lita 7.

Kinachonifanya nisikusukume kwenye lita 7 ni mtungi wako. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko kichwani umekaa juu, na vyuma vinavyobeba sufuria ni vifupi. Sufuria ya lita 7 ikiwa na chakula ndani inafika kilo 6 au 7, na hiyo ni nzito kuwekwa pale, hasa watoto wakipita jikoni. Siku utakapohamia mtungi wa kilo 15 wenye mpira wa gesi na jiko la sahani, lita 7 itakuwa mahali pake. Kwa sasa mtungi ukae sakafuni penye usawa, kamwe usiwe juu ya meza wala stuli, na moto uishie chini ya kitako. Ukilamba kuta utachoma mikono ya plastiki ngumu na kuukausha mpira. (Wengi huniuliza kwa nini mtungi ni ghali wakati gesi inachimbwa hapahapa Mnazi Bay. Ile ni gesi asilia, inayosafirishwa kwa bomba. Ya mtungi ni nyingine, nayo huletwa nchini kwa meli.)

Stenlesi ni nzuri, sitaisema vibaya. Hailiki kwa ukwaju, limao wala nyanya, na inadumu. Alumini ikilazwa na mchuzi wa ukwaju hubadilika rangi na kuingiza ladha ya chuma, na maji ya kisima yenye chumvi huitoboa vishimo vidogovidogo. Lakini alumini hupitisha joto vizuri zaidi, ni nyepesi, na bei yake unaijua. Pikia, pakua yote, osha, kausha. Ukiamua stenlesi, igeuze utazame kitako: kiwe kinene, chenye tabaka la alumini katikati, la sivyo mbaazi zitashika chini. Usihangaike na sumaku. Sumaku inakuonyesha kama sufuria inafaa majiko ya umeme ya induksheni, haikuonyeshi ubora.

Kuhusu mkaa nitakuwa mkali kidogo. Moto wa gesi unaupunguza kwa kidole. Mkaa ukishakolea huna amri nao. Kama huna budi, tumia mkaa kidogo, na kizito kikianza kulia toa baadhi ya makaa au yafunike kwa jivu. Usiiache sufuria ukaenda dukani. Ila gesi ndiyo jiko la chombo hiki. Wengi huiwasha vizuri, kisha kizito kikilia wanaacha moto mkubwa vilevile, wakidhani kelele nyingi ni kuiva haraka. Joto limeshafika mwisho wake. Mvuke unaofoka ni gesi yako inayotoka dirishani. Punguza mpaka kilie mara mojamoja, na uhesabu dakika kuanzia hapo.

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha: dakika 10 hadi 15. Yasiyolowekwa, dakika 30 hadi 40, na ya zamani yakakaidi hata hapo. Mbaazi kavu zilizolowekwa ziangalie kuanzia dakika ya 8. Tia kijiko kimoja cha mafuta, hupunguza povu. Pweza hutoa maji yake mwenyewe, lakini usimtegemee: weka kikombe kimoja cha maji, mkate vipande kwa kuwa mdomo wa mfuniko wa ndani ni mwembamba, na dakika 15 hadi 20 zinamlainisha bila kumtwanga. Hili naliona likiharibu vyakula vingi huku kwetu: tui zito lisifungiwe kwenye presha. Hukatika, na uzito wake hushika kitako. Chemsha mbaazi au pweza kwa maji, fungua, kisha tia tui umalizie wazi kwa moto mdogo. Na kisamvu, hata kikiwa kimetwangwa vizuri, kichemshe kwanza mfuniko ukiwa wazi, sumu yake ya asili itoke na mvuke, ndipo ukifunge kama unataka.

Ukimaliza, zima moto na uiache ipoe yenyewe. Hizo dakika 10 za kusubiri nazo zinapika, na hazili gesi. Osha mpira kwa maji na sabuni, uutoe usibaki umebanwa, na uweke mfuniko juu ya sufuria ukiwa umegeuzwa, bila kuufunga. Mpira unaolala umebanwa hukakamaa mapema. Kila kabla ya kupika inua mfuniko utazame mwanga kupitia bomba la mvuke. Usipouona, lizibue kwa kijiti na kulisuuza.

Dukani angalia pia alama. Kwa zinazotengenezwa India, na nyingi za mfuniko wa ndani hutoka huko, tafuta namba ya kiwango IS 2347 iliyogongwa kwenye sufuria au kwenye boksi, na uulize kama ina alama ya TBS. Chukua risiti. Jioni hiyohiyo, kabla ya kuweka punje ya maharage, tia vikombe viwili vya maji peke yake, funga, washa. Mvuke utoke kwenye kizito tu. Ukitoka pembeni mwa mfuniko, zima, acha ipoe, kaza mpira ukae sawa, ujaribu mara ya pili. Ikivuja tena, usinisubiri mimi wala usijaribu kuizoea: irudishe kesho asubuhi na risiti yako.