Polisi wakisema "majibizano ya risasi" sisi tuulize nini?

SWALI: Za kazi mhariri. Mtaani kwetu majambazi walivamia duka la wakala wa pesa, polisi wakaja, risasi zikarindima mpaka tukalala chini wote na watoto. Asubuhi tukaambiwa majambazi wawili wameuawa. Sasa mdogo wangu alipigwa risasi ya paja akiwa anafunga genge lake, hajui imetoka upande gani. Kituoni wanatuzungusha tu, na majirani wanasema tukikomaa tutaonekana tunatetea majambazi. Tufanyeje?
Dada wa majeruhi, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana dada, na mdogo wako Mungu amponye haraka.

Hayo ya majirani achana nayo. Askari nao wanakufa jamani, 2015 majambazi walivamia kituo cha Sitaki Shari pale Ukonga wakaua askari na kubeba silaha, kwa hiyo hakuna anayesema wakirushiwa risasi wakae kimya. Ila kuuliza risasi ilipigwaje sio kumtetea mwizi. Januari 2006 tuliambiwa hivyohivyo, majambazi wanne wameuawa Sinza kwa kurushiana risasi na polisi, watu tukashangilia kabisa, kumbe watatu ni wafanyabiashara wa madini wa Mahenge na wa nne dereva teksi, walikamatwa wazima wakaenda kuuawa msitu wa Pande. Ndugu zao wangeogopa kuitwa ndugu wa majambazi ingeishia hapo. Walipiga kelele, Rais Kikwete akaunda tume ya Jaji Kipenka, kesi ikafika mahakamani, na bado ilichukua mpaka 2016 Mahakama ya Rufani kumtia hatiani ofisa mmoja tu wa polisi, Christopher Bageni, wengine akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi mkoa wa Dar, wakaachiwa. Miaka kumi!

Sasa ya kwenu. Kwanza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kupeleka hospitali, najua inaudhi kuiomba fomu kwa walewale waliokuwa wanapiga risasi lakini bila hiyo huko mbele mtasumbuka, kama hamkuipata siku ile fuatilieni sasa. Mwambie daktari aandike risasi imeingilia wapi na kutokea wapi, na kama imetolewa mwilini muulize imepelekwa kwa nani, maana hiyo ndo inaweza kuonyesha imetoka bunduki gani. Na hao vijana wanaookota maganda ya risasi eti ukumbusho, wakomesheni, ule ni ushahidi.

Kituo kikiwazungusha msibishane na askari wa kaunta, andikeni barua kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), nakala kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), mbaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkitaka fidia ya serikali lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi, hapo tafuteni wakili au kituo cha msaada wa sheria. Kuhusu wale wawili waliokufa, ndugu zao wanaweza kuomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, sheria ipo tangu 1980 ila haitumiki sana, kwa maoni yangu hapo ndo tatizo kubwa lilipo.

Kenya wana IPOA, chombo huru cha kuchunguza polisi, sheria yake ni ya 2011. Sisi hatuna cha hivyo, tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenyewe haihukumu mtu lakini kulalamika ni bure, mkiandika ambatisheni kopi ya PF3 na ile barua yenye muhuri.