Mbano usiolingana kwenye risasi za bastola: pima maganda kabla ya kulaumu dai ya kubania

Ndugu yetu wa Kisumu anayeishi Ohio ameuliza kwa nini risasi za milimita 9 anazojipakia mwenyewe hazibani sawasawa, yaani mdomo wa ganda (kikopo cha shaba kinachobeba baruti) haukishiki kichwa kwa nguvu ileile: nyingine zinakataa kuingia kwenye chemba, nyingine vichwa (kipande cha mbele kinachoruka) vinazama vikisukumwa kwa kidole gumba, ilhali dai, kalibu ya chuma inayobana mdomo huo, hajaigusa tangu alipoifunga kwenye presi, mashine ya kupakia risasi. Nitamjibu kwa niliyoyaona miaka niliyoishi Texas. Hapa Nakuru sijapakia hata moja, wala simshauri mtu ajaribu, maana utengenezaji wa risasi nchini unadhibitiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Dai haijasogea, nakubali. Kilichobadilika ni ganda. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa bati, na alikuwa akikataa kukunja ukingo wa debe kabla ya kupima upana wa kila kipande, kwa kuwa kilichozidi kidogo hujikunja mno na kilichopungua hakishiki. Ganda nalo ni hivyo hivyo. Jioni moja nilipima maganda ishirini niliyookota uwanjani, ya viwanda mbalimbali, nikakuta refu kuliko yote lina milimita 19.1 na fupi lina 18.8. Refu huingia ndani zaidi ya koni ya dai likabanwa sana, fupi likaguswa tu. Tena unene wa kuta hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo maganda niliyatenganisha kwa alama za kitakoni, na tatizo likapungua kwa zaidi ya nusu kabla sijashika spana. Kwa .38 Special, risasi ya bastola za silinda, ambayo mdomo wa ganda lake huviringwa ndani ya mfereji wa kichwa, kutenganisha hakutoshi. Ni lazima maganda yakatwe yawe na urefu mmoja, la sivyo marefu huvimba chini ya mbano na kugoma kuingia kwenye silinda.

Kuhusu vichwa vinavyozama, usikaze mbano. Nilifanya kosa hilo. Katika milimita 9 kichwa hushikwa na ukuta wa ganda uliopunguzwa upana vizuri na dai ya kwanza katika mfululizo wa kupakia, na mbano kazi yake ni kurudisha tu mdomo uliopanuliwa ili kichwa kiingie. Ukikaza kupita kiasi, shaba nyeupe ya ganda hutanuka tena kidogo baada ya kubanwa, lakini kichwa laini hubaki kimenywea, na mshiko unalegea badala ya kuimarika. Na kichwa kinachozama ni hatari, kwa kuwa nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Jaribio la kusukuma kichwa lifanywe kwa ganda lenye kichwa lakini lisilo na baruti wala kiwashio: pima urefu wote, likandamize kwenye ukingo wa meza, upime tena.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kutenganisha kazi mbili. Dai inayokalisha kichwa na kubana kwa pigo moja hubana wakati kichwa bado kinashuka, hivyo mdomo hukwangua ubavu wake. Nilinunua dai ya pili ya kubana peke yake. Niliishusha robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikipima ukingoni kabisa mwa mdomo kwa ncha nyembamba za kalipa, kifaa cha kupimia upana, mpaka nikapata kati ya milimita 9.58 na 9.60, kipimo cha juu kabisa kinachoruhusiwa ni 9.65. Usishuke chini ya 9.58, kwani mdomo wa ganda hili ndio unaolisimamisha ndani ya chemba.

Kisha ng'oa kichwa kimoja ukitazame kwenye mwanga. Alama hafifu ya duara inatosha. Ukiona mfereji, au ngozi ya shaba imekatika, rudisha dai juu kidogo, ndipo uangushe risasi ya mfano, isiyo na baruti, ndani ya mtutu uliotolewa kwenye bastola: inapaswa kutumbukia kwa uzito wake yenyewe na kutoka vivyo hivyo ukiugeuza.