Tumbo la usaili

Juzi saa sita usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, kesho nina usaili. Tangu jioni nimeenda chooni mara nne, vidonge vya kuzuia havisaidii. Au nimerogwa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo nilijiuliza mwaka 2019, nimejifungia kwenye choo cha ofisi moja pale Posta, tai nimeitupia begani isije ikalowa.

Siku ile niliamka alfajiri nikajiandaa kama mtu anayekwenda kulima. Supu ya mbuzi yenye mafuta yake, chapati mbili, na juu yake vikombe viwili vya kahawa nzito ili kichwa kichangamke. Nikapanda daladala Gongo la Mboto. Kufika Tazara, foleni imesimama, na mimi nina mambo mawili tumboni yasiyoelewana: juu supu imekaa kama jiwe, chini tumbo linakata kwa kisu. Nikaingia mbele ya watu watano. "Jieleze kwa kifupi." Nilitaja jina na chuo, nikaomba dakika moja.

Nilirudi baada ya robo saa. Mwenyekiti alishafunga faili langu. Mmoja wao akasema, "Pole bwana, chakula cha mjini hukukizoea?" Wakacheka wote watano. Kazi akaipata jamaa niliyesoma naye, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusawazisha hesabu za benki. Nimeshasamehe, lakini kile kicheko nakikumbuka mpaka leo.

Nilikwenda kupima choo. Hakuna amiba, hakuna minyoo. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akageuza fomu akanichorea bomba refu upande wa nyuma. "Mwanangu, huumwi. Ulijipangia vibaya."

Kumbe kwenye kuta za njia ya chakula, kuanzia umio hadi mwisho kabisa, kuna mtandao wa neva wenye chembe zaidi ya milioni 100. Unaweza kuendesha shughuli zake bila kusubiri amri ya ubongo. Wawili hao wanazungumza kupitia neva ya vagasi, na sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka tumboni kwenda kichwani. Sasa ukiingiwa na hofu, ubongo unatoa homoni za msukosuko: mfuko wa tumbo unapunguza kasi ya kumwaga chakula, huku utumbo mpana ukiongeza mwendo. Juu foleni, chini barabara nyeupe. Ndiyo Tazara yangu ile.

Nami niliongezea mwenyewe. Mfuko wa tumbo ukijaa, hasa asubuhi, neva huuambia utumbo mpana upishe nafasi. Kahawa nayo inausukuma. Na mafuta ya ile supu yakifika kwenye utumbo mwembamba, hutoka homoni iitwayo kolesistokinini: inakamua nyongo, inaamsha kongosho, na inaliambia tumbo lisiharakishe kuleta mzigo mwingine.

Nilinogewa, nikawa nakesha nasoma. Zamani wataalamu, akiwemo Pavlov wa Urusi aliyepata Nobel mwaka 1904, walishikilia kwamba neva ndizo zinazoamuru kongosho. Mwaka 1902 kule London, wanasayansi Bayliss na Starling walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia tindikali, na kongosho bado likatoa majimaji yake. Mjumbe alikuwa amepita kwenye damu. Wakamwita sekretini, na miaka mitatu baadaye Starling akaanza kutumia neno homoni. Mimi huwa nafikiri hivi: neva ni simu, homoni ni kifurushi ulichomkabidhi kondakta wa basi. Kinachelewa, lakini kitafika. Ndiyo maana habari ya shibe huchukua kama dakika 20, na wewe unayemaliza sahani kwa dakika tano macho kwenye simu unajikuta umevimbiwa. Kula taratibu jamani!

Miaka iliyofuata siisimulii, nilikuwa naandika vitabu vya hesabu vya duka la mabati.

Mwezi uliopita nikaitwa tena, nafasi ya mhasibu mwandamizi. Usiku nikala mapema, ugali kidogo na samaki. Saa kumi na moja alfajiri ndizi mbili za kuchemsha na chai ya rangi, kahawa hapana. Halafu nikakaa nyumbani nikasubiri, mpaka utumbo ukamaliza shughuli zake kwenye choo changu mwenyewe. Mlangoni nikawa napumua, pumzi ya kutoka ndefu kuliko ya kuingia, maana hiyo huipa vagasi nguvu ya kutuliza. Katikati ya swali la kodi, tumbo likanguruma chumba kizima kikasikia. Tumbo tupu hujifagia kila baada ya saa moja na nusu hivi, homoni ya motilini ikilihimiza. Nikasema, "Samahani, linafanya usafi." Wakacheka, nami nikacheka. Barua ya kazi ninayo kabatini.

Vijana wenzangu, acheni kukimbilia duka la dawa kila tumbo likivuruga, na acheni kumsingizia jirani uchawi. Ila ukiona damu kwenye choo, homa, au unakonda bila sababu, nenda hospitali. Na usikubali kuambiwa vidonda vya tumbo ni "mawazo tu": kuna bakteria wanaovileta, daktari Marshall wa Australia aliwanywa mwenyewe mwaka 1984 kuonyesha wanavyoliwasha tumbo, na wanatibika.

Yule msomaji nilimjibu usiku uleule: kula mapema, kahawa acha, pumua. Jana kaniandikia. Anasema alikwenda mara moja tu, na choo cha pale hakikuwa na maji.