Falaki imesema nyota yangu ni Simba: je, niache kusomea uuguzi?

SUALI: Assalamu alaykum shehe. Mimi ni msichana wa Wete, Pemba. Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Unguja. Ami yangu, aliyenilea tangu baba afariki, alinipeleka kwa mtu wa falaki. Akahesabu jina langu na la mama, akasema nyota yangu ni Simba, ya moto, wagonjwa sitawaweza. Nifanye biashara, na nilipe nisafishwe nyota. Simu inasema mimi ni Samaki kwa kuwa nimezaliwa tarehe 5 Machi, na uuguzi ndio kazi yangu. Nifuate ipi? Na Swala zangu je? Nimesikia aliyemwendea mtabiri hazikubaliwi siku 40.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, usifuate hata moja. Ya simu imekupendeza kwa kuwa imesema unalolitaka, lakini hukumu yake ni ile ile.

Wanaolitetea jambo hili huku kwetu husema Mwenyezi Mungu ameapa kwa buruji, yaani makundi ya nyota. Kweli, ameapa. Ameapa pia kwa tini na zeituni, na sijamuona mtu akiuliza tini mwanawe akasomee nini. Husema tena kuwa falaki ni elimu ya wazee wetu. Falaki ya kujua kibla, nyakati za Swala na miandamo ya mwezi ni halali, na manahodha wetu wameishi kwayo. Suratul An'am aya ya 97 yasema nyota tumewekewa tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Kudai kwamba nyota inampangia mja riziki ni jambo jengine kabisa. Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kuchota elimu katika nyota amechota tawi la uchawi, kaipokea Abu Daud. Na siku aliyofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Akawakatalia palepale: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikujali msiba wa nyumba ya Mtume, litajali vipi cheti chako cha chuo?

Itazame hesabu yenyewe. Herufi za jina lako na la mamako hupewa thamani za abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu na nambari yake, hujumlishwa, kisha hutolewa 12, 12, mpaka kibaki kisichofika 12 au 12 yenyewe. Hicho ndicho kinachoitwa nyota. Wangekuita jina jengine, leo ungeambiwa u Mizani au Nge. Hakuna aliyenyanyua macho mbinguni hapo! Na hiyo ya simu imesimama juu ya mpango wa miaka kama 2,000 nyuma. Mhimili wa dunia huyumba, nyuzi 1 kwa kila miaka 72 hivi, na siku hizi tarehe 5 Machi jua huwa katika kundi la Ndoo. Basi wewe ni Simba, Samaki, au Ndoo?

Fedha ya kusafisha nyota usitoe. Mtume amekataza malipo ya kahini, yaani mtabiri.

Kuhusu Swala, usiache hata moja. Imamu Nawawi ameeleza kuwa faridha inakuondokea, huna kuilipa. Kinachokosekana ni thawabu zake. Nawe ulipelekwa na mlezi wako, na mlango wa toba uko wazi. Tubu, usirudi.

Chuoni nenda. Swali istikhara, Swala ya kumuomba Mwenyezi Mungu akuchagulie la kheri, rakaa mbili, wala usingoje ndoto. Shauriana na wauguzi wa hospitali ya Wete, uulize zamu za usiku zikoje na kama moyo wako unaweza kuona damu. Hayo ndiyo ya kupima. Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa Vita vya Khandaq aliuguzwa na Rufaida, mwanamke wa Kiislamu, katika hema lililopigwa msikitini kwa Mtume.

Ami yako usimvunjie heshima. Amekulea yatima, na hofu yake ni ya mzazi. Usimwambie mbele ya watu kwamba amekosea. Mpe mamako aanze maneno, na ami akiridhia, aje tukae naye baada ya Alasiri kabla hujapanda boti.

Wallahu aalam.